Hoja Tatu na Uzi Mmoja

Mama alikuwa akinipangia sarafu kiganjani
kila aliponituma kwa Bi Tsonka, ng'ambo ya barabara:
hii ya mtindi, hii ya mkate,
hii usiipoteze.
Ningepaswa kukumbuka.

Lakini mara ya kwanza niliitupia Java amri nzima
kwa mkupuo mmoja, jina la programu, lugha, faili,
vyote vimeshikana mikono kwenye mstari mmoja.
Na faili liliitwa Nyuki wa Asenovgrad.
Mwana akaenda kutafuta faili liitwalo Nyuki,
"wa" akaidhani ndiyo lugha,
Asenovgrad hakujua aiweke wapi.
Akarudi mikono mitupu: halipo.

Watu huomba nafasi maishani.
Mimi nilipewa mbili, kila moja nyembamba kama ukucha,
na zote zikaniharibia kazi.

Kiwanda chetu kipo Plovdiv, ghorofa ya chini,
mahali ambapo ukungu wa Maritsa huingia na viatu vya watu.
Tunachapa vitabu vya nukta, vya kusomwa kwa vidole.
Programu inayogeuza herufi kuwa nukta
aliiandika Kalistrat mwaka tisini na nne,
kisha akahamia Varna, na simu hapokei.
Msimbo wake hakuna aliye nao. Limebaki faili moja
linalotenda kazi na halielezi.
Java yangu haijui nukta.
Inajua kutuma.

Basi nikapanga hoja upya, kila moja peke yake,
orodha safi, nafasi zikiwa zimelala ndani ya jina
bila kumkata mtu.
Nikasema: anza.
Hadithi fupi zikatoka. Kalenda ikatoka.
Orodha ya vyakula vya hospitali ikatoka.

Kisha ile riwaya, kurasa mia tatu na kumi.
Nilikuwa nimeandika: mzazi asubiri mpaka mwana amalize.
Akasubiri.
Nikachemsha kahawa, nikainywa, nikaosha kikombe
na vikombe vya wenzangu.
Wanasema kimya kingi kina mshindo mkuu;
hiki hakikuwa na hata kikohozi.

Nilipogundua, niliona haya.
Mwana hakuwa amelala. Alikuwa akisema tangu mwanzo:
ukurasa wa kwanza tayari, wa pili tayari,
anamimina maneno kwenye bomba,
na bomba ni jembamba, na upande wangu
hakuna aliyekinga hata kikombe.
Likajaa.
Akasimama palepale, neno likiwa mdomoni,
akingoja nimsikilize,
nami nikingoja amalize.

Nilimweleza Bi Zdravka, msahihishaji wetu,
aliyezaliwa bila kuona na asiyependa kompyuta.
"Ulimsubiri vipi," akauliza, "mtu usiyemsikiliza?"
Kisha akauliza karatasi zake ziko wapi,
maana basi lake linaondoka saa kumi na moja.

Nikaongeza uzi mmoja.
Kazi yake kusoma tu, mstari kwa mstari,
hata usio na maana, malalamiko na majibu
yakipita bomba lilelile.
Na mwana akatiririka mpaka mwisho,
akaaga kwa namba: sifuri.

Shuleni kwetu alama ya aibu ni mbili.
Sifuri haikuwahi kuandikwa kwenye daftari langu,
kwa hiyo niliipokea kama mgeni, kwa furaha,
ndiyo salamu ya aliyetumwa akarudi salama.
Mashine ikaanza kugonga karatasi,
ta-ta-ta, sakafu yote ikatetemeka.

Bi Zdravka hakupanda basi la saa kumi na moja.
Kidole chake kilipita kurasa arobaini bila kusita,
kikasimama kwenye ya arobaini na moja, mstari wa pili.
Kikarudi nyuma. Kikapita tena.
"Hapa nyuki wamepungukiwa nukta."

Programu ilisema sifuri.
Kidole kikasema la.

Nikainua simu, nikapiga Varna.
Inaita.
Safari hii sikuiweka chini.